Rangi ya Sare ya Askari wa KAR: Namna ya Kutafuta Ushahidi Kabla ya Kushika Brashi

Upakaji rangi wa sanamu ndogo za wanajeshi ni sanaa inayohitaji utafiti kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu anayeifanya hutakiwa kujua hata mambo ambayo mwandishi wa historia huyaruka bila kulaumiwa: rangi ya kofia, urefu wa kaptura, na kama askari alivaa viatu au alitembea miguu mitupu. Sanamu hizo, ambazo hutengenezwa kwa plastiki au madini, hupimwa kwa uwiano na mtu halisi. Katika uwiano wa 1/35, mtu mwenye kimo cha sentimita 175 hugeuka kuwa sanamu ya milimita 50, na katika uwiano wa 1/72 hubaki na milimita 24 tu. Kwa anayetaka kumpaka rangi askari wa Afrika Mashariki, na hasa yule wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililojulikana kwa kifupi kama KAR, swali la kwanza ni mahali pa kupata ushahidi wa kuaminika.

Mkazi wa Nairobi ana bahati ya kuishi karibu sana na historia hiyo. Kenyatta Market, soko linalojulikana zaidi kwa nyama choma, wasusi na mafundi wa cherehani, liko jirani na mitaa ya Golf Course na Ngumo, na si mbali na Kibera, eneo ambalo mwanzoni mwa karne ya 20 lilitengwa kwa ajili ya wanajeshi wa KAR wenye asili ya Sudan, ambao wazao wao ndio Wanubi wa leo. Mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 za eneo hilo zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Kwa hiyo, sare ambayo mpaka rangi anaitafuta katika vitabu vya ng'ambo iliwahi kufuliwa na kuanikwa katika viunga hivi, na picha za familia zilizotunzwa na wazee, pale wanapokubali kuzionyesha na kueleza nani alipigwa picha na lini, zinaweza kuwa ushahidi ambao haumo katika kitabu chochote.

Hata hivyo, hakuna ushahidi unaosaidia kabla ya mambo matatu kuamuliwa: batalioni, mwaka na shughuli. KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, na katika miaka 61 iliyofuata hadi uhuru wa Kenya sare yake ilibadilika mara kadhaa. Kabla ya mwaka 1914, askari aliyekuwa vitani au safarini alivaa sweta ya buluu iliyokoza, kaptura ya kaki, na vitambaa virefu vya buluu vilivyozungushwa miguuni kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Tarbushi yake ilifunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo na jua, na miguuni alikuwa na makubazi au hakuvaa kitu. Katika gwaride, askari huyohuyo alionekana na tarbushi ndefu isiyofunikwa, pamoja na mahazamu, yaani kitambaa kipana cha kufunga kiunoni, ambavyo kwa kawaida vilikuwa vyekundu, ingawa baadhi ya batalioni zilitumia tarbushi nyeusi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia nguo za buluu ziliondolewa na kaki ikachukua nafasi yake, na katika Vita vya Pili askari waliopigana Burma mwaka 1944 chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, walivaa kofia za ukingo mpana. Sanamu inayomvika askari wa Burma tarbushi nyekundu, au askari wa mwaka 1917 sweta ya buluu, huwa imechanganya nyakati, hata kama kila kipande kimepakwa kwa ustadi.

Picha za zamani ndizo ushahidi unaokimbiliwa kwanza, nazo ndizo zinazopotosha kwa urahisi zaidi. Jambo hili halitokani tu na kukosa kwake rangi, bali na kemia ya filamu zenyewe, kwani filamu nyingi zilizotumika hadi miaka ya 1920 ziliitikia mwanga wa buluu kwa nguvu lakini hazikuuona mwanga mwekundu. Matokeo yake ni kwamba kitu chekundu hutokea kwenye picha kikiwa cheusi, na kitu cha buluu hutokea kikiwa cheupe kuliko jicho lilivyokiona. Tarbushi nyekundu na tarbushi nyeusi zikipigwa picha kwa filamu ya namna hiyo zinaweza kulingana kabisa, na sweta ya buluu iliyokoza ikadhaniwa kuwa ya kijivu. Kutokana na hali hiyo, picha ni shahidi mzuri wa umbo, mikunjo, mikanda na namna ya kubeba bunduki, lakini suala la rangi linapaswa kuthibitishwa kwa maandishi au kwa nguo yenyewe.

Upungufu wa aina hiyo umo pia katika sanamu za ukumbusho. Katika Kenyatta Avenue jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba za kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza, na Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Zinafaa sana kwa kuwa mtazamaji anaweza kuzizunguka na kuona upande wa mgongo, ambao wapiga picha waliuacha mara nyingi, lakini shaba haitaji rangi, na msanifu aliyefanya kazi miaka kadhaa baada ya vita angeweza kuchagua vazi linalopendeza badala ya lile lililozoeleka.

Ushahidi wa maandishi hupatikana katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoko Moi Avenue, na katika vitabu kama historia ya KAR iliyoandikwa na H. Moyse-Bartlett na kuchapishwa mwaka 1956, ambayo humwezesha msomaji kujua batalioni fulani ilikuwa wapi katika mwaka fulani. Nguo na vifaa halisi vimehifadhiwa katika makumbusho, likiwemo National Army Museum la London. Michoro ya rangi katika vitabu vya sare ni msaada mkubwa, mradi ikumbukwe kuwa mchoro ni tafsiri ya mtu aliyezisoma picha na maandishi yaleyale. Vitabu vitatu vilivyonakili mchoro mmoja ni sawa na shahidi mmoja.

Kaki yenyewe haikuwa rangi moja. KAR ilipanuka kutoka batalioni 3 mwaka 1914 hadi batalioni 22 mwaka 1918, na upanuzi wa kasi hiyo ulifanya iwe vigumu kwa nguo zote kufanana. Wapinzani wao, askari wa jeshi la Kijerumani la Schutztruppe, walizuiwa baharini na manowari za Uingereza, ikabidi wafume vitambaa nchini na kuvitia rangi kwa mimea. Fundi wa Kenyatta Market anayeshona kaki hahitaji kitabu ili kueleza namna kitambaa hicho kinavyopauka mabegani na magotini kwa jua na kufuliwa, na kubaki na rangi yake ya awali chini ya mfuko. Maelezo hayo yanamfaa mpaka rangi kuliko jina lililoandikwa kwenye kichupa. Aidha, kadiri sanamu inavyokuwa ndogo ndivyo rangi inavyopaswa kupunguzwa makali, kwa sababu buluu iliyokoza ikipakwa kwenye kifua cha milimita 6 huonekana nyeusi.

Njia ya uaminifu ni kukubali rangi pale tu mashahidi wawili wasiotegemeana wanapokutana, kwa mfano picha ya familia yenye tarehe na nguo iliyohifadhiwa, na pale wasipokutana, kuchagua lile linaloelekea zaidi na kuandika chini ya kitako cha sanamu kipi kimethibitishwa na kipi kimekisiwa. Mtu atakayepata ushahidi bora baadaye atajua basi ni sehemu gani ya kupaka upya, na sehemu zilizothibitishwa hatalazimika kuzigusa.