Tunapima zahabu, bugali hatupime

Jana usiku kwako mulitupa nini? Usijibu mbio. Karibu kila mama utakayemuuliza hapa Mbunya atakuambia: «Kwetu hatutupake kitu, chakula iko bei!» Hasemi uongo. Anasema kile anachokumbuka. Lakini asubuhi pita nyuma ya jikoni, angalia ndani ya shimo la takataka. Utaona ukoko wa bugali, maharagi yaliyochacha, sombe yenye kutoa povu, nusu ya ndizi ambayo mtoto aliiacha akakimbia kucheza.

Ni ajabu kidogo, kwa sababu sisi watu wa sehemu za zahabu tunajua sana kupima. Kule Mongbwalu, Nizi, Iga-Barrière, hata hapa mjini mbele ya wanunuzi, mtu anaweza kubishana nusu saa nzima juu ya uzito wa kijiti kimoja cha kibiriti. Kijiti! Na kila kijana wa machimbo anajua tola, ile ya gramu 11 na nukta 66. Wazee wetu nao walizoea kipimo. Wakati wa Wabelgi kampuni zilikuwa zikigawia wafanyakazi posho, na mpaka leo tunaita Jumamosi «siku ya posho». Chakula chenye kuingia nyumbani kilipimwa. Chakula chenye kutoka kwenda shimoni, nani alikipima hata siku moja?

Sasa kuna watu wanaokipima. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, Kenya, lilitoa hesabu yake katika mwaka 2024. Lilisema kwamba katika mwaka 2022 nyumba za dunia yote zilitupa tani milioni 631 za chakula. Ukigawanya kwa vichwa, kila mtu alitupa kilo 79 kwa mwaka. Na katika mwaka ule ule mamia ya mamilioni ya watu walikuwa na njaa.

Kilo 79 kwa mwaka ni gramu 216 kwa siku. Tuziweke katika lugha yetu: ni tola 18 na nusu, kila mtu, kila siku. Nani kati yetu angemwaga tola 18 shimoni halafu akalale? Nyumba ya watu 8, kwa hesabu hiyo, inatupa karibu kilo 12 kwa juma.

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu wenye vyakula vingi. Hesabu ya UNEP ya mwaka 2021 iliweka Kenya kwenye kilo 99 kwa kila mtu. Na ile ya 2024 ilionyesha kwamba kati ya nyumba za nchi tajiri na za nchi zenye mapato ya katikati, tofauti ni kama kilo 7 tu. Lakini tuwe wa kweli: katika kilo hizo wanahesabu pia maganda na mifupa, vitu ambavyo hakuna mtu anakula. Na kile unachopa kuku, mbuzi ao nguruwe, wao hawakihesabu kuwa kimetupwa. Kwa hiyo kilo zako wewe huzijui bado, na mimi sizijui. Zitajulikana kwa kupima tu.

Kazi ya vijana

Kijana wa shuli, kazi hii ni yako. Tafuta ndoo mbili zenye kifuniko. Ndoo ya kwanza ni ya chakula ambacho mtu angeweza kukila: bugali, wali, maharagi, mboga, samaki. Ya pili ni ya maganda ya mihogo na ya ndizi, miiba ya samaki, mifupa. Usichanganye, kwa sababu ndoo ya pili itakuwa nzito kila mara na itakudanganya. Pima kwanza ndoo tupu, uandike uzito wake. Halafu kila asubuhi, mbele ya kumwaga, pima tena, toa ule uzito wa ndoo. Kama hamuna mizani, omba kwa jirani mwenye kuuza sokoni, ao hesabu kwa kopo moja lile lile siku zote. Kopo si sawa na kilo, lakini litakuonyesha kama mnapanda ao mnashuka.

Usitumaini kichwa chako. Watafiti wa mambo haya waliona kwamba watu wenye kuandika kwa kukumbuka tu wanaandika kidogo kuliko kile kinachokutwa katika takataka zao. Wengine wanasahau, wengine wanapata haya. Pima siku 7 zote, na siku ya Mungu usiiruke, maana ndiyo siku ya wageni na ya sufuria kubwa.

Pembeni ya uzito andika sababu. Kilipikwa kingi? Kiliungua? Kiliharibika mbele ya kupikwa? Kilibaki kwenye sahani? Mihogo mibichi, kwa mfano, inaanza kuharibika siku 2 ao 3 tu kisha kung'olewa. Nyumba yenye kununua mzigo mkubwa wa mihogo siku ya soko bila kuiloweka ao kuianika itaikuta kwenye ndoo siku ya nne.

Hapa ninaomba wapapa wasome polepole. Daftari hili si la kumshitaki mama. Mara nyingi sababu inatoka mbali na jiko. Papa amesema anarudi saa moja. Mama anapika na sehemu yake, anaifunika, anangoja. Papa amekula kwa rafiki, hakutuma hata mtoto kusema. Asubuhi ile sahani inaingia kwenye ndoo. Basi kijana, andika hivyo: «Papa hakurudi kula.» Si ukosefu wa heshima, ni hesabu.

Kuna jambo moja la hatari. Mtu asile kitu kilichooza ili ndoo iwe nyepesi. Kimeharibika? Kitupe, lakini kipime kwanza. Na usikiache wazi karibu na nyumba, maana panya wanakuja. Sisi wa Ituri tunajua panya na viroboto vyao vinaleta nini: katika mwaka 2020 ugonjwa wa tauni uliinuka tena katika zone ya afya ya Rethy.

Unga na bugali

Katika Yoane sura ya 6, watu walipokwisha kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kusudi kisipotee kitu. Mimi ninapenda kwamba mwandishi hakusema «vingi» tu. Aliandika hesabu: vikapu 12.

Tangu vita vya Djugu vilipowaka tena mwezi wa Desemba 2017, ndugu wengi walikimbilia hapa Mbunya, na wengine wako katika nyumba zetu wenyewe. Sisemi umpelekee mkimbizi ukoko wako wa jana; hiyo ni kumtukana. Lakini angalia: bugali iliyochacha haigawanyike na mtu. Unga ambao haujapikwa unagawanyika. Kopo moja la unga lililobaki ndani ya mfuko leo ni kopo la kumpa mtu kesho, na makala ya kulipika hayakuungua bure.

Kwa hiyo juma la pili, kama ndoo ya kwanza ilikuwa nzito na daftari linasema «kilipikwa kingi», mama apunguze kopo moja la unga jioni, moja tu, na mpime tena siku 7. Kama hakuna mtu aliyelala na njaa na ndoo imeshuka, endeleeni. Kama mtoto mmoja aliomba kingine na sufuria ilikuwa tupu, rudisheni kopo lile, halafu tafuteni katika daftari sababu nyingine.