Angalia bei ya mwaka wa pili

Muuza vipuri mmoja wa Kariakoo ninayemtunzia tovuti alinipigia simu akiwa amefadhaika: ankara ya hostingi imekuja karibu mara tatu ya ile ya mwaka jana. Tulipofungua tena ukurasa alikonunulia, maelezo yalikuwepo, chini kabisa, kwa herufi ndogo: bei ile ilikuwa ya mwaka wa kwanza tu. Kwa hiyo ukilinganisha kampuni, anza na bei ya kulipia upya. Hiyo ndiyo utakayoilipa miaka yote.

Sehemu ya bei hiyo ni leseni ya paneli, yaani pale unapoingia kufungua anwani za barua pepe, kupandisha mafaili na kutengeneza hifadhidata. Inayojulikana zaidi ni cPanel ya Houston, Marekani. Zamani mwenye seva alilipa leseni ya bei moja hata akiwa na wateja elfu. Mwaka 2019, wakati huo ikimilikiwa na Oakley Capital pamoja na mshindani wake Plesk, cPanel ilianza kutoza kwa idadi ya akaunti: dola 45 kwa mwezi kwa akaunti 100, na senti 20 kwa kila akaunti iliyozidi. Seva yenye akaunti 400 ikawa inalipiwa dola 105. Bei zimepanda tena tangu hapo, na anayebeba mzigo mwishowe ni mteja.

Ndiyo maana baadhi ya kampuni zimehamia DirectAdmin, ambayo leseni yake ni nafuu. Sura yake ni tofauti kidogo, lakini kazi zote za kila siku zimo, na inaweza kupokea akaunti iliyotoka cPanel. Ukiona kampuni inaitumia, usiikimbie.

Halafu kuna paneli za bure kama HestiaCP na Virtualmin. Bure hapa ni leseni tu. Utakodi seva yako mwenyewe, na kazi ya kuisasisha, kuilinda na kuhakikisha barua pepe haziishii kwenye spamu ni yako. Ukiwasha ClamAV ya kukagua virusi, hiyo peke yake hula RAM zaidi ya gigabaiti 1, kwa hiyo seva ya bei ya chini kabisa haitafaa. Mwenye tovuti moja asiye na fundi wa Linux atalipa zaidi huku kuliko alikotoka.

Kitu kimoja usikilipie: cheti cha SSL cha tovuti ya kawaida. Let's Encrypt hutoa bure, na paneli zote nilizotaja zinaweza kukiweka na kukisasisha zenyewe.

Jambo linaloniuma zaidi ni nakala rudufu. Ndani ya cPanel kuna kitufe cha kutengeneza nakala ya akaunti nzima. Wengi hubonyeza, wakaona faili kubwa linaloishia na tar.gz, wakalala usingizi. Lakini faili hilo, usipochagua pengine, hukaa kwenye seva ileile. Seva ikifa, nalo limekufa. Isitoshe, nakala hiyo nzima huwezi kuirudisha mwenyewe kupitia paneli yako, ni mpaka kampuni ikurudishie. Unachoweza kurudisha mwenyewe ni nakala za vipande: mafaili ya tovuti peke yake, hifadhidata peke yake. Kabla ya kulipa, waulize: mnaweka nakala za siku ngapi, ziko kwenye seva nyingine, na kurudisha ni shilingi ngapi? Kampuni inayosita kujibu hayo, iache hata kama bei yake ni nusu.

Kwa duka lenye tovuti moja, ushauri wangu ni hostingi ya pamoja yenye cPanel au DirectAdmin, kwa kampuni inayopokea simu. Mwenye tovuti kumi na fundi wa kudumu ndiye atakayefaidi HestiaCP. Na wewe uliyekwisha kulipa, ingia kwenye paneli yako leo, pakua nakala ya mafaili na ya hifadhidata, uziweke kwenye kompyuta yako.