Kazi ya Ufinyanzi kwa Wakisi wa Ziwa Nyasa

Mtu aliyekaa katika nchi ya Rungwe au Kyela hana haja ya kuelezwa chungu cha Kikisi ni kipi. Ni chombo chekundu, chepesi kuliko mtu anavyodhani akikiona, kimesuguliwa hata kikang'aa, na begani kimetiwa mapambo ya udongo mweupe. Wanyakyusa hukipikia, lakini hawakifinyangi. Hufinyangwa na wanawake wa Kikisi, wakaao katika vijiji vya ukingo wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, na katika vijiji hivyo Ikombe ndicho kijulikanacho zaidi. Twapenda kueleza habari za kazi hii kwa urefu kidogo, maana tumesikia mara nyingi watu waliosoma wakiitaja kwa dharau, kana kwamba mtu yeyote mwenye matope na mikono miwili aweza kuifanya.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Milima ya Livingstone huko yashuka ghafula mpaka majini, na baina ya mlima na ziwa pana ukanda mwembamba tu wa ardhi. Mihogo hulimwa, na wanaume huvua samaki, lakini mashamba ya kuwashibisha watu wote mwaka mzima hayapo. Walakini kwa mwendo wa mtumbwi kutoka hapo, katika uwanda wa Kyela na vilima vya Rungwe, ardhi ni nzuri mno, na migomba, mpunga, mahindi na maharagwe hustawi. Basi tangu zamani watu hawa wamebadilishana mali yao, huyu akitoa chakula na huyu akitoa vyungu. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa katika nchi ya Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938 wakichunguza desturi zao, waliikuta biashara hiyo ikiendelea. Kwa hiyo mwanamke wa Kikisi ambaye vyungu vyake vimepasuka motoni amepata hasara ile ile ya mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na nzige. Jambo hili lisisahauliwe katika yote tutakayosema, maana ndilo lililowafanya wanawake hao kuwa waangalifu hivyo.

Waswahili wana methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Wengi huitumia kumcheka fundi ambaye nyumbani mwake hamna kazi ya mikono yake. Sisi twaona kuwa haina budi kuwa hivyo, kwa kuwa vyungu vizima ndivyo chakula cha watoto, navyo havikai nyumbani. Tena gae lenyewe halidharauliwi na mwenye kazi. Wafinyanzi wengi wa nchi zetu huketisha chungu kipya juu ya gae pana ili kukizungusha. Kwa magae hufunika vyungu motoni visipigwe na upepo. Na gae likitwangwa na kuchanganywa na udongo mbichi, huufanya udongo huo uvumilie moto.

Sasa tuanze na udongo. Si kila udongo unaonata unafaa kufinyangwa. Mfinyanzi hutwaa kidogo, akauviringisha mfano wa kamba, akauzungusha kidoleni: ukikatika, hauna nguvu, ukizunguka bila ya kupasuka, waweza kufaa. Wengine huutafuna kwa meno ya mbele ili wajue kama una mchanga mwingi. Udongo ulio laini mno una ubaya wake pia, maana hunywa maji mengi, na wakati wa kukauka husinyaa sana ukapasuka. Ndipo hutiwa mchanga au gae lililosagwa. Chembe hizo huacha njia ndogo ndogo ambazo maji hupitia kutoka, na chungu kikiwa jikoni huzuia ufa mdogo usiendelee kuwa mkubwa. Zikizidi, chungu huwa dhaifu na hukatika kama mkate mkavu. Kipimo chake hakiandikwi popote, nao wanaokijua hukijua kwa vidole.

Adui mmoja wa udongo hudanganya hata watu wazoefu, naye ni kijiwe cha chokaa au kipande cha kombe la konokono. Kikiachwa ndani ya udongo, chungu hutoka motoni kizuri bila ya kasoro. Lakini moto umekwisha kukigeuza kijiwe kile kuwa chokaa kali, nayo hunywa unyevu wa hewa polepole na kuvimba. Baada ya siku chache, pengine chungu kimekwisha nunuliwa, kipande cha ukuta huruka na kuacha kidonda chenye doa jeupe katikati. Mnunuzi husema amedanganywa. Kumbe kosa lilitokea siku ya kuchambua udongo, na ndiyo sababu kazi hiyo ya kuchambua na kutwanga, ichoshayo kuliko zote, haiachiwi mtoto peke yake.

Katika kufinyanga, mwanamke wa Kikisi hatumii gurudumu liendalo mbio kama lile la viwandani. Chombo huzungushwa kwa mkono, huku mkono mwingine ukiuvuta na kuusukuma ukuta uwe na unene mmoja kila mahali. Unene huo mmoja haufanywi kwa ajili ya uzuri tu. Mahali penye unene hukauka nyuma ya mahali pembamba. Basi upande mmoja umekwisha kusinyaa na wa pili bado, nao huvutana hata pakapasuka. Kitako nacho hufanywa cha mviringo kwa sababu chungu chenye pembe huvunjikia pembeni, lakini cha mviringo hupokea moto sawasawa, na hukaa vizuri juu ya mafiga matatu.

Chombo kikubwa hakifanywi kwa mara moja. Sehemu ya chini huachwa ikazane kidogo iweze kuuchukua uzito wa juu, na wakati huo mfinyanzi hushika kingine. Kikiwa kigumu kama ngozi mbichi, hapo ndipo husuguliwa kwa kokoto laini. Saa hiyo ni fupi: chungu kikiwa bado na maji, kokoto huchafua, kikiisha kukauka, hukwaruza. Rangi nyekundu ni udongo wenye chuma, ule ambao watu huuita ngeu, nao hupakwa mwembamba. Hapo tena yapasa kujua, maana rangi isiyosinyaa pamoja na chungu hubambuka kama ganda.

Kukausha kwataka kivuli na subira. Katika uwanda wa Kyela mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Machi, Aprili na Mei ni mizito kuliko yote. Mtu afinyangaye karibu na nchi kama hiyo hana budi kupanga kazi yake kwa kulitazama wingu.

Sasa twafika penye hatari yenyewe, yaani moto. Chungu kilichokauka kwa kutazamwa bado kina maji ndani ya ukuta wake. Maji hayo yakifika digrii 100 hugeuka kuwa mvuke, na kipimo kimoja cha maji hutoa vipimo kama 1,600 vya mvuke. Mvuke ukikosa njia ya kutokea hupasua ukuta kwa kishindo, na vipande vyake hurukia vyungu vilivyo karibu, hata chungu kimoja kibichi chaweza kuharibu vinne vilivyo vikavu. Kwa hiyo vyungu huanikwa tena juani au kupashwa moto kidogo kidogo kabla ya kuchomwa. Mtu mwenye haraka hupoteza kazi ya wiki mbili kwa saa moja.

Moto ukizidi, kati ya digrii 450 na 600 hivi, hutoka maji ya namna ya pili, ambayo hayakuwa yamelowesha udongo bali yalikuwa sehemu ya udongo wenyewe. Yakiisha kutoka, udongo haurudi tena kuwa matope, hata ukilala mtoni miaka elfu. Kwa sababu hiyo magae hudumu kuliko nyumba na kuliko chuma, na kwa magae yaliyochimbuliwa wataalamu wamejua kwamba huko Buhaya watu walikuwa wakifinyanga yapata miaka 2,000 iliyopita. Lakini moto una mtego mwingine. Katika digrii 573 chembe ngumu za mchanga zilizomo ndani ya udongo huvimba kwa ghafula, na wakati wa kupoa, zikipita kipimo hicho hicho, husinyaa kwa ghafula. Chungu kikitolewa upesi kwenye upepo, au kikinyeshewa, huingia ufa mwembamba usioonekana. Wafinyanzi wetu wa zamani hawakusikia kamwe habari za digrii 573, walakini waliviacha vyungu ndani ya majivu mpaka vikapoa.

Vyungu huchomwa uwanjani pasipo tanuru, kuni na nyasi zikiwa pamoja navyo. Moto wa namna hii hufika digrii 600 mpaka 900, tena haukai sana, basi anayeutunza hana nafasi ya kufikiri mara mbili. Hutazama rangi. Chungu kikiwaka wekundu uliofifia, kimeiva. Mahali ambapo hewa hupita vizuri chuma kilicho ndani ya udongo huwa chekundu. Mahali ambapo kuni zimelala juu ya chungu na hewa imekosekana, huja wingu jeusi. Wingu hilo si ugonjwa, na chungu chenye wingu chapika kama kingine, ingawa wanunuzi hukipunguzia bei.

Mahali pengi wafinyanzi wana miiko yao: mgeni asikaribie moto, watu wasigombane wakati wa kuchoma, mwanamume asiende machimboni. Hatusemi kwamba kila mwiko una maana, na mingine twaona ni hofu tu. Lakini mtu akifikiri, uwanja usio na wageni hauna mtu wa kufunua majivu kabla ya wakati ili achungulie.

Maarifa haya yote yamo mikononi mwa akina mama na bibi zao, wala hayamo katika kitabu cha shule. Msichana huanza kwa vyungu vidogo vya kuchezea kando ya mama yake. Havifai kuuzwa, navyo huvunjika, lakini katika kuvunjika kwake hujifunza kipi kilikuwa na unene na kipi kilikuwa na maji. Baadaye huaminiwa kusugua, kisha kufinyanga shingo, na mwisho kabisa kutunza moto. Pia mfinyanzi mmoja hafanyi kazi yake pasipo wenziwe. Akiona udongo wa shimo fulani umeharibika, habari huenea kijijini siku ile ile. Akipasukiwa na vyungu, majirani huja wakayatazama magae na kumwambia sababu. Gae lililopasuka kwa mvuke lina sura yake, na la upepo lina yake.

Vyungu vikiisha kuwa tayari hupakiwa mitumbwini, kimoja ndani ya kingine, vikapelekwa Lyulilo karibu na Matema, ambako gulio la Jumamosi limejulikana sana kwa vyungu. Toka huko husafiri mpaka Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Mitumbwi hiyo ina hatari yake, maana toka Mei mpaka Agosti upepo wa kusi huvuma juu ya ziwa na kuinua mawimbi makubwa. Zamani, mahali pengi katika Afrika ya Mashariki, bei ya chungu ilikuwa nafaka ya kukijaza. Ni kipimo kizuri, kwa kuwa hakina ubishi. Tena humpa haki mfinyanzi wa chungu kikubwa, ambaye hatari yake ya kupasukiwa ni kubwa kuliko ya wenziwe.

Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimeingia kila kijiji, wala hatutamlaumu mtu aliyezinunua. Sufuria huchemka upesi na haivunjiki ikianguka. Lakini maharagwe yapikwayo polepole huiva vizuri katika chungu, kwa kuwa chungu hushika moto hata kuni zikipungua, na ndoo haiwezi kupoza maji. Mtungi hutoa jasho kidogo kwa nje. Jasho hilo likikauka huchukua joto la maji yaliyomo. Tena mtungi wenye mdomo mwembamba huzuia mikono michafu kuliko ndoo iliyo wazi. Linalotutia wasiwasi ni wasichana. Ikiwa wataiona kazi hii kuwa ya aibu kwa sababu ya maneno ya watu waliosoma, haitakufa kidogo kidogo kama mti, ila itakoma pamoja na bibi wa mwisho ajuaye kutunza moto, na msichana atakayetaka kuirudia hatakuwa na mtu wa kumwonyesha gae lake kuwa lilipasuka kwa nini. Mwalimu aliye karibu na wafinyanzi aweza kumwita mmoja wao shuleni awaeleze watoto somo hili la maji na mvuke, wala hatapata mfano ulio bora zaidi vitabuni.

Kwa mtu aendaye gulioni kununua, maneno machache. Inua chungu kwa mkono mmoja, ukigonge kwa kidole kilichokunjwa: kikilia kama kengele, kizima, kikitoa sauti ya kukwama, kina ufa, hata kama huuoni. Chungulia ndani kama kuna doa jeupe la chokaa. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza, pika ndani yake uji mwepesi, uuache upoe humo, ili wanga uzibe matundu madogo. Usitie maji baridi ndani ya chungu kilichotoka motoni, wala usikitue juu ya sakafu iliyolowa. Kitue juu ya kata ya majani makavu.