Si Kila Tusilolielewa ni Jini

Tumfikirie mama wa Pwani anayeishi Huruma, Nairobi, katika maghorofa yaliyobanana kando ya Barabara ya Juja. Mwanawe ana miaka minne. Hasemi, haitiki aitwapo, na honi za matatu humliza. Lakini kila jioni hukimbilia mlangoni kabla babake hajapiga hodi. Jirani mmoja asema mtoto amepandwa na jini. Mwingine asema amejaaliwa kuona yaliyofichika.

Majini wapo, na Qur'ani imewataja. Lakini si kila tusilolielewa ni lao. Hali ya mtoto huyu yafanana na usonji, ambao daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 huko Marekani baada ya kuwachunguza watoto 11. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni. Wengi wao husikia na kuona vitu vidogo ambavyo sisi huvipuuza. Sikio linaloumizwa na honi ndilo huenda likatambua viatu vya baba vikiwa bado ngazini. Tunachokiita kubashiri huenda kikawa ni kusikia tu.

Liko jambo zito zaidi. Kifafa huwapata wenye usonji kuliko watoto wengine, wala si lazima mtoto aanguke. Pengine hukodoa macho, akanyamaza kwa muda mfupi, akatafunatafuna, kisha akarejea kama aliyetoka mbali. Hapo ndipo tunapodhani amechukuliwa. Kumfukiza hakutamponya; na kumpiga ili jini limtoke ni dhuluma. Dawa za kutuliza kifafa zipo.

Hatusemi kisomo kiachwe. Mtume (s.a.w.) aliomba dua, na pia aliwaagiza watu wajitibu. Basi msomee mwanao, kisha mpeleke kwa daktari. Andika siku, saa na muda wa kila tukio, au lirekodi kwa simu, daktari alione. Taasisi ya Elimu Maalumu iliyoko Kasarani huwapima watoto mahitaji yao, na Shule ya Msingi ya City, Ngara, ina kitengo cha wenye usonji. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, lakini mafunzo ya mapema humsaidia mtoto kuwasiliana na kujihudumia.

Nasi majirani, tumpunguzie mama huyu maneno. Akienda kliniki, tumshikie mtoto mdogo aliyebaki nyumbani. Hiyo nayo ni ibada.