Kalonzo, Ruto ama Matiang'i: kwa mambo ya kuenda majuu, nani amefanya nini?

Kama umetoka Kitui ama Makueni, lazima unajua dem ako Saudi. Ni sista yako, ni jirani, ama ni yule mlikaa naye dawati moja hapo shule ya upili. Labda hata ni wewe, na saa hii unasoma hii kitu ukingoja simu ya ajenti.

Kwetu ni binamu yangu. Alitoka upande wa Kathonzweni 2022, tukamsindikiza JKIA na Noah imejaa shosho na soda. Miezi mitatu ya kwanza doh iliingia vizuri. Halafu simu ikazima. Miezi mitano. Ajenti tukimpigia alikuwa anatuambia, "Ako sawa, ni kazi tu imemjaa." Alirudi akiwa na mguu mbovu na begi moja, bila mshahara wa miezi minne.

Siku ya mkutano wa familia, mjomba akasimama akasema: "Ngojeni 2027. Tutaweka mundu witu pale juu, haya mambo yataisha." Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza juu yeye ni mkubwa, lakini swali lilibaki kichwani: huyo mtu wetu, na hao wengine wanaotaka kiti, walifanya nini walipokuwa na nafasi?

Nikakaa chini nikacheki. Hii ndiyo nimepata.

Kwanza, jua nani anashika nini

Wanasiasa wanapenda tuchanganyikiwe hapa, so wacha tupange.

Pasi na kitambulisho ziko chini ya wizara ya Usalama wa Ndani. Leseni za maajenti na makubaliano ya kazi ziko chini ya wizara ya Leba, na hapo ndipo utapata Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Ukikwama huko nje, ubalozi unaofaa kukuokoa uko chini ya Mambo ya Nje.

Kaunti haimo. Katiba, Jedwali la Nne, imeweka uhamiaji na uraia kwa serikali kuu. Gavana akikuambia atakuletea visa, anakubeba ufala.

Kwa hivyo kila mgombea nimempima kwa vitu tatu: makaratasi (ilikuwa rahisi kupata pasi?), mkataba (ulikuwa na kinga huko?) na kurudi (mambo yakiharibika, ulirudishwa?).

Hiyo ya pili na ya tatu ndiyo moto, juu ya kitu inaitwa kafala. Huko Saudi, mwajiri ndiye mdhamini wako, na ruhusa yako ya kukaa nchini imefungwa kwake. Mwaka 2021 Saudi ililegeza hizo sheria kwa wafanyakazi wengi, lakini wa nyumbani wakaachwa nje. Yaani wale tunaowatuma zaidi kutoka mashinani ndio sheria ya huko imewasahau. Kinga yao kubwa inabaki ni vile serikali yetu imekubaliana na serikali yao.

Kalonzo Musyoka

Mtoto wa Tseikuru, na kwa CV hakuna mtu anamfikia. Alikuwa waziri wa Mambo ya Nje mara mbili: 1993 hadi 1998, halafu tena 2003 hadi 2004. Kutoka Januari 2008 hadi 2013 alikuwa Makamu wa Rais na waziri wa Masuala ya Ndani.

Hapa wengi hukosea. Masuala ya Ndani wakati huo ilikuwa inashika magereza. Pasi zilikuwa na wizara yake kando, ya Uhamiaji, chini ya Otieno Kajwang'. So mtu akikuambia Kalonzo ndiye alikuwa anatoa pasi, mwambie apunguze.

Jina lake kubwa kwa mambo ya nje ni amani: mazungumzo ya Sudan na ya Somalia. Ni kazi ya maana, hakuna ubishi. Lakini dem wa Mutomo aliyefungiwa jikoni Riyadh hiyo haimfikii.

Kitu kizuri kilichotokea serikali yao ikiwa mamlakani ni Katiba ya 2010, iliyoruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Kalonzo aliunga mkono, ingawa hapo ndipo watu walimbandika jina la tikiti maji kwa vile alionekana kusitasita. Sheria mpya ya Uraia na Uhamiaji ikafuata 2011.

Kitu kingine: 2012, bado yeye akiwa Makamu, serikali ilisitisha kwa muda kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati juu ya malalamiko ya mateso. Kwa hivyo shida ilijulikana kitambo. Lakini kufunga mlango peke yake hakusaidii sana. Mwenye njaa hupitia dirishani, na kwa dirisha hakuna mkataba.

Tangu 2013 hajashika wizara yoyote. Kwa haki, huwezi kumlaumu kwa ya juzi. Lakini pia hana ya juzi ya kujivunia.

William Ruto

Huyu ana rekodi ndefu na mpya, na ni ya pande mbili.

Anza na 2010. Ile Katiba iliyoleta uraia wa nchi mbili, Ruto ndiye aliongoza kampeni ya La. Sababu zake zilikuwa zingine, kama ardhi na utoaji mimba, lakini kura ni kura.

Akiwa Naibu Rais, 2014 serikali ilifuta leseni za maajenti kwa mamia na kusimamisha safari za Mashariki ya Kati, halafu baadaye ikafungua tena. Makubaliano na Qatar, Saudi na Emirates yote yalikuwepo kabla hajakuwa Rais.

Alipoapishwa Septemba 2022, alifanya kitu hakuna mwingine alifanya: kuenda majuu kukawa sera rasmi. Aliunda idara ya serikali ya Wakenya walio ng'ambo. Alfred Mutua, gavana wa zamani wa Machakos, alianza Mambo ya Nje, halafu tangu Agosti 2024 akawekwa Leba, na ndiye sura ya Kazi Majuu. Sababu ya hesabu unaiona: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9.

Sasa makaratasi. Mwaka 2023 Kithure Kindiki, akiwa waziri wa Usalama, alitangaza ofisi za pasi za Nyayo House kuwa eneo la uhalifu juu ya hongo na kucheleweshwa. Poa. Lakini Machi 2024 pasi ya kurasa 34 ikapanda kutoka 4,500 hadi 7,500. Kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa bure, kikawekwa 300 baada ya watu kupiga kelele kuhusu ile elfu moja iliyopangwa mwanzo. Mwaka 2025 hiyo 300 ikaondolewa. Kwa mtu wa Nzambani anayeishi na kibarua cha kokoto, kuongezewa elfu tatu kwa pasi ni mbuzi nusu.

Mkataba je? Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani walisaini makubaliano ya wafanyakazi huko Berlin. Mitandao ikajaa nambari ya kazi 250,000. Siku hiyo haijapoa, wizara ya Ndani ya Ujerumani ikasema makubaliano hayana idadi yoyote. Mlango upo, ndio, lakini ni wa watu wenye ujuzi na lugha. Kama hujasoma Kijerumani, huo mlango kwako bado ni ukuta.

Na kurudi? Hapa ndipo inauma. Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba angalau Wakenya 274 walikuwa wamekufa Saudi kwa miaka mitano, wengi wao wanawake, na kwamba kati ya wenye hizo ajensi kuna wanasiasa na watu wao. Soma tena hiyo sentensi. Mtu anayefaa kutunga sheria ya kukulinda anaweza kuwa ndiye anakula kamisheni yako.

Miaka hiyo mitano haikuwa yake yote. Lakini kama unasukuma watu waende, kurudi kwao wakiwa wazima pia ni juu yako.

Fred Matiang'i

Yeye ndiye alikalia pasi zenyewe, juu alikuwa waziri wa Usalama wa Ndani kutoka 2017 hadi 2022.

Pasi ya kielektroniki ilianza kutolewa Septemba 2017. Ilikuwa hatua ya mbele, ngumu kughushi. Lakini tarehe ya mwisho ya pasi za zamani ilisongeshwa mara kadhaa, na foleni za Nyayo House wengi wetu tunazikumbuka. Pia chini ya serikali hiyo ndipo Washona, waliokaa Kenya miaka mingi bila nchi, walianza kutambuliwa kuwa raia. Hiyo mpe.

Upande wa pili ni Miguna Miguna. Februari 2018 alifurushwa hadi Canada, na mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikampiga Matiang'i na maafisa wawili faini ya 200,000 kila mmoja kwa kudharau maagizo yake. Umpende Miguna ama usimpende, swali ni moja: waziri wa pasi akipuuza korti, pasi yako inalindwa na nani?

Na kuhusu Saudi: kwa miaka 2020 na 2021, Mambo ya Nje iliambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikufa huko. Wizara hiyo ilipendekeza kusitisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani kwa muda. Safari ziliendelea. Leba haikuwa wizara ya Matiang'i, lakini tangu 2019 Uhuru alikuwa amempa kiti cha kusimamia kamati ya mawaziri wenzake. Hawezi kusema hakuwa kwa chumba.

Na wale wanaoingia je?

Hapa siasa huwa kali, especially Mwingi na Kitui Mashariki, kwa sababu ya ngamia. So tuelewane: mchungaji kutoka Garissa ama Tana River ni Mkenya. Akilisha shamba lako, hiyo ni kesi ya malisho na usalama. Si ya uhamiaji, na mwanasiasa anayekuambia ni "wageni" anakuza hasira tu.

Rekodi zenyewe ni hivi. Matiang'i, Machi 2021, aliipa UNHCR siku 14 itoe mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Hazikufungwa. Ruto ameenda njia nyingine: mpango wa Shirika wa kugeuza kambi kuwa makazi, kuondoa visa kuanzia Januari 2024 na kuweka kibali cha mtandaoni, na Februari 2025 huko Wajir alifuta msasa wa ziada wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani. Kalonzo kwa haya yote alikuwa nje ya serikali.

Kwa kifupi

- Makaratasi: Matiang'i alileta pasi mpya na foleni. Ruto alisukuma foleni lakini akapandisha bei. Kalonzo hakushika hiyo ofisi.
- Mkataba: Ruto amesaini na kutangaza zaidi, na ahadi zimekimbia mbele ya karatasi. Kalonzo alikuwa waziri wa Mambo ya Nje kabla hii biashara haijakua.
- Kurudi: hakuna hata mmoja ana rekodi ya kujivunia.

Wakikuja mkutano Kitui ama Wote, uliza hivi

Kura ni Agosti 10, 2027. Kabla hapo watatupitia na helikopta na leso. Usiulize "utatupeleka majuu lini?" Hiyo wanaipenda. Uliza:

1. Wewe ama familia yako mna hisa kwa ajensi yoyote ya kupeleka watu nje?
2. Makubaliano na Saudi yatasema nini kuhusu simu, pasi kushikwa na mwajiri, na mshahara usiolipwa?
3. Mtu akikwama, nani analipa tiketi ya kurudi, na kwa siku ngapi?

Mbunge wako muulize alisimama wapi kwa miswada ya kusimamia kazi za ng'ambo. Na magavana wetu wawili, Malombe na Mutula Kilonzo Junior, wote wa Wiper, wasikwepe. Uhamiaji si wao, lakini vyuo vya ufundi vya mashinani ni vyao kwa Katiba hiyo hiyo. Dem akitoka na cheti cha uuguzi wa wazee ama umeme, anaenda kama fundi, na fundi hafungiwi jikoni kirahisi.

Na kama unaondoka mwezi ujao, usingoje kura. Hakikisha ajenti ako kwa orodha ya NEA, mkataba uusome kabla ya kusaini, na nakala ya pasi na mkataba umwachie mtu nyumbani.

Binamu yangu? Mguu umepona nusu. Juzi aliniambia anataka kuenda tena, Qatar safari hii. Nilimuuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu mjinga: "Hapa kuna nini?"

Hilo ndilo swali la nne. Muulize mgombea wako.