Ajali Kazini: Anayetoa Amri Ndiye Aanze Kufundishwa

Mwezi huu tunazungumzia usalama na afya mahali pa kazi. Familia nyingi hapa Kyela hudhani hilo ni jambo la viwanda vikubwa vya mjini. Sivyo. Mashine ya kukoboa mpunga ni mahali pa kazi. Ghala la kakao ni mahali pa kazi. Vivyo hivyo mtambo wa kukamua mawese, karakana ya seremala, mtumbwi wa usipa na bandari za Itungi na Kiwira.

Sisi wauguzi tunawapokea watu wa kazi hizo: aliyekatwa vidole na mkanda wa mashine, aliyeungua kwa mawese yanayochemka, aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, kijana anayeumwa mgongo kama mzee kwa kubeba magunia. Tukiuliza ilikuwaje, jibu ni lile lile: "Bahati mbaya tu." Tukizidi kuuliza tunasikia mengine. Kizuizi cha mkanda kiliondolewa zamani na hakikurudishwa. Kibarua alianza kazi siku ile ile, na hakuna aliyemwelekeza. Bosi alikataza mashine isizimwe kwa kuwa foleni ni ndefu. Hapo bahati mbaya iko wapi? Ni uamuzi wa mtu.

KWA NINI MSIMAMIZI?

Mara nyingi elimu ya usalama hupewa kibarua peke yake: avae viatu, awe mwangalifu. Ni vema, lakini haitoshi. Kibarua haamui mashine izimwe saa ngapi, wala gunia liwe na uzito gani. Hana fedha ya kununua kizuizi, na akikataa kazi ya hatari anajua kesho ataitwa mwingine. Mwenye kuamua ni mwenye mashine, msimamizi, nahodha au kiongozi wa chama cha ushirika.

Tujifunze kwa yaliyotokea Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na jiji la Dhaka. Benki na maduka yaliyokuwa humo yalifungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Jengo likaporomoka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Wafanyakazi walikuwa wameziona nyufa na waliogopa. Aliyekosekana ni kiongozi wa kusema, "Leo hakuna kazi." Kwetu ziwani, kiongozi huyo ni nahodha anayeona upepo wa mwera umechafua maji, akakataa kuondoka ufukweni hata abiria wakimnung'unikia.

SHERIA INASEMAJE?

Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ulianzishwa mwaka 2001. Mwaka 2003 ikatungwa Sheria Na. 5 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ikichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya tangu mwaka 1950. Sheria hii inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, azibe sehemu za hatari za mashine, atoe vifaa vya kinga na kuwaelekeza wafanyakazi wake. Mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa kuteua mwakilishi wa usalama miongoni mwao. OSHA pia hutoa mafunzo kwa waajiri na wasimamizi.

Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi kitu. Kwa hiyo ajali ikitokea, itolewe taarifa bila kuchelewa. Anayeificha anamnyima mwenzake haki yake.

MAMBO MATANO YA MSIMAMIZI

1. Zungukia kazi kabla ya kuanza. Tazama mikanda, nyaya za umeme, sakafu yenye utelezi wa mafuta. Jiulize: ni nini kinachoweza kumwumiza mtu hapa leo?

2. Ondoa hatari kwanza. Glavu na barakoa ni baadaye. Mkanda uzungushiwe wavu wa chuma. Moshi wa injini utolewe nje ya chumba, kwani una gesi isiyo na harufu inayoua. Akina mama wanaosubiri mchele, wenye khanga na watoto mgongoni, wawekewe benchi mbali na mashine.

3. Mashine inayotengenezwa izimwe kabisa. Fundi akae na hendeli au fyuzi mfukoni mwake mpaka amalize, ili mwingine asije akaiwasha.

4. Punguza uzito. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mwanaume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya hapo, na lumbesa ndiyo kabisa. Tumieni toroli, au wabebe watu wawili.

5. Andika kila ajali, hata ile iliyokosa kidogo tu. Mkanda uliochana shati leo, kesho utachukua mkono.

AJALI IKITOKEA

Zima mashine kabla ya kumgusa mtu. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi. Msitie mkaa wala mafuta. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu kama ipo. Kije pamoja na mgonjwa. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe mawese wala dawa ya meno. Wote wafike hospitali mapema, waangaliwe pia kuhusu sindano ya pepopunda.

NENO KWA FAMILIA

Baba, mama, kijana wako akipata kibarua msiulize mshahara tu. Ulizeni nani atamwelekeza kazi, na kama mashine ina kizuizi. Na wewe mwenye mashine, usingoje mkaguzi afike. Wavu wa chuma unaweza kufungwa na fundi wa hapa hapa kijijini.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sisi wodini tunaweza kusafisha kidonda na kukifunga, lakini kidole kilichosagwa na mashine hatuwezi kukiotesha.