Watoto Katika Safari ya Mbarara

Askari jeshi au polisi apatapo likizo, au ahamishiwapo kituo kingine, hufunga mizigo ya nyumba yake kwa nidhamu kamili. Wanaosahauliwa ni watoto. Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kilomita 270 hivi, na kabla ya kufika Mpigi swali limekwisha kuulizwa: "Baba, tumefika?" Jibu lake huwa karipio, au siku hizi simu ya mkononi.

Yote mawili ni hasara. Mtoto aliyechoka kukaa bure huanza mwenyewe kuumba mambo: kifuniko cha sufuria huwa usukani, na mafunjo ya kinamasi cha Lwera huwa kikosi kilichopangwa gwarideni. Aachwe. Kazi ya mzazi ni kuchochea tu. Pale Kayabwe, ambapo ikweta hukata barabara, avute pumzi kaskazini aitoe kusini. (Yale maji yanayozungushwa katika beseni mbele ya wageni ni kiinimacho, hatua chache kutoka ikweta haziwezi kuyageuza.) Lukaya, wachuuzi wazingirapo gari kwa kuku na ndizi za kuchoma, ahesabu mikono dirishani. Karibu na Sanga huenda akaona punda milia wakilisha pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Aulizwe wanyama hao husemezana kwa lugha gani.

Askari huwa mbali na watoto wake miezi mingi. Humo garini wamempata ameketi, hana zamu, wala hana pa kuitwa.